Tulifika na Majembe, Tukasahau Kuuliza

Neno la vijana wa univerisite, jinsi lilivyosomwa katika redio. Masomo: Marko 10:46–52, Nehemia 2:11–18, Matendo ya Mitume 9:36–42.

 

 

Mchungaji alituomba tuje kutoa neno juu ya safari yetu ya Bengamisa. Tulimjibu kwamba hatuna ushuhuda mzuri. Akasema ushuhuda mzuri anausikia kila juma. Leo anataka wa kweli. Basi tunawaomba mtuvumilie. Tuko kumi na mmoja. Mmoja wetu ndiye anayesoma karatasi hii mbele ya mikro, lakini tumeiandika wote pamoja, na pahali ambapo hatukupatana tumefuta.

Fungueni pamoja nasi Marko 10, kutoka mstari wa 46. Mnaijua habari hiyo. Bartimayo ameketi kando ya njia ya Yeriko, anapaza sauti, watu wanamnyamazisha, naye anazidi kulia. Bwana Yesu anasimama, anaagiza aitwe. Kisha anamwuliza anataka afanyiwe nini. Wapendwa, kila mtu pale njiani aliona kwamba yule ni kipofu. Hata mtoto angeona. Na Bwana, anayejua hesabu ya nywele zetu, hakukosa kujua shida yake. Lakini alimwuliza, akangoja jibu. Habari hii tumeisikia tangu masomo ya watoto ya siku ya Mungu, na hatukuona kamwe kwamba kuna swali ndani yake. Tuliliona Bengamisa, tukiwa na matope mpaka magotini.

Tuanze na hapa mjini. Sisi ni wanafunzi: wengine wa tiba, wengine wa kilimo, wengine wa sheria, na wawili wa ualimu. Wengi tuko mwaka wa kwanza na wa pili. Nyumbani tumechota maji, tumetwanga pondu, tumefagia kanisa. Lakini kwenda kwa watu tusio na undugu nao, kufanya kazi bila mtu kutulipa wala kutulazimisha, hiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza. Wazo lilitoka katika maombi ya usiku. Tulikuwa tumeomba muda mrefu kwa ajili ya vijiji vya Tshopo, na mmoja wetu akasema: tumeomba sana, sasa twende. Tukasema amina kwa sauti kubwa.

Si wote nyumbani waliosema amina. Papa wa mwenzetu mmoja aliuliza: «Mimi ninauza baiskeli yangu ili ulipe minervali, na wewe unakwenda kuwalimia watu bure?» Tulimwona kama mtu asiye na imani. Leo tunaomba radhi mbele ya wote. Alikuwa na haki ya kuuliza, na sisi hatukuwa na jibu, tulikuwa na moto tu. Tena kuna jambo la aibu: yule ndugu aliyekuwa na haraka kuliko wote ya kwenda kuchotea wajane wa Bengamisa maji, mama yake mwenyewe alikuwa anachota peke yake kila asubuhi pale Mangobo. Ametuomba tuliseme hili. Tumelisema.

Tulikutana mara tatu kanisani, tukapanga mambo matatu: kusafisha chemchemi, kufundisha usafi, kugawa nguo. Tukachanga pesa. Tukachapisha fulana zenye maneno mgongoni, na fulana zile zilikula pesa nyingi kuliko chakula cha njia. Mtu akisoma Mathayo 6, mistari ya kwanza, atajua tulistahili kuambiwa nini. Mchungaji wa kule alijulishwa tarehe yetu ya kufika. Hakuna aliyemwuliza neno lingine. Simu tunazo wote kumi na mmoja.

Tukatoka siku ya nne asubuhi, ndani ya lori la wafanyabiashara. Tukavuka daraja la Tshopo, tukiimba, tukashika barabara ya Buta. Kutoka mjini mpaka Bengamisa ni kama kilomita 50. Wanaoijua barabara ile wakati wa mvua wanacheka sasa hivi. Tulishuka kusukuma, tukapanda, tukashuka tena. Watu wenye baiskeli zilizojaa ndizi na makaa, wanaokuja kuuza huku mjini, walitupita wakitusalimu kwa heshima. Tulifika jua likiwa linashuka, na wimbo ulikuwa umekwisha zamani.

Waamini walitupokea vizuri sana. Walitupikia lituma na samaki, wakatupa vyumba vyao wenyewe, wao wakalala pahali tusipopajua. Jioni ile wazee walikuja kutusalimu, na mzee mmoja akauliza: «Nani amewatuma, na mwisho wa mwezi ni nani anayesaini?» Tukamweleza kwamba hakuna anayesaini, tunajitolea. Akanyamaza kidogo, akasema: «Basi ni salongo.»

Vijana wenzetu, tuwaeleze, maana na sisi tulilijua neno hilo bila kujua uzito wake. Katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, salongo ilikuwa kazi ya pamoja ya lazima. Watu walitoka na majembe na panga, wakafyeka kando ya barabara, wakasafisha masoko, na aliyekosa kutokea aliadhibiwa. Kabla ya hapo, wakati wa Wabelgiji, babu zetu walilazimishwa kulima mashamba ambayo si wao waliyoyachagua. Kwa hiyo mzee yule anaposikia «kazi bila malipo», mwili wake unakumbuka jambo fulani. Haoni upendo kwanza. Anaona mtu mwenye daftari la kuandika waliokosa.

Na vijana wa pale wana kumbukumbu nyingine. Wao wanajua kazi ya mashirika: mtu anakuja na gari, anaita mkutano, anaandika majina, anatoa pediemu, anapiga picha, anaondoka. Mkutano usio na pediemu, wengine hawaji. Hatuwahukumu, hata huku univerisite mambo ni yale yale. Basi sisi tulisimama katikati: upande mmoja kazi ya nguvu, upande mwingine kazi ya pesa, na sisi tunajaribu kueleza kazi ya namna ya tatu, tumevaa fulana zinazofanana na za shirika. Mzee alizitazama zile fulana, akasema neno moja tu: «Sawa.»

Siku ya tano asubuhi tulishuka kwenye chemchemi. Ni mwendo mfupi kutoka makao, chini ya miti mikubwa. Tulikuta maji yanatoka polepole kati ya mawe, na majani yamelala juu ya mawe, na magogo mawili ya zamani. Machoni petu palikuwa pachafu. Tukaomba, tukaanza. Tulitoa majani yote. Tulitoa magogo. Tulipanua mdomo kwa beshi. Tuliondoa mawe ili tuyapange vizuri zaidi. Tulikata miti midogo iliyozunguka ili pawe na nuru. Wanafunzi wa kilimo walikuwa wanaongoza kazi, na wamekubali tuseme hivyo. Saa sita mchana maji yote yalikuwa ya rangi ya udongo. Tukasema yatatulia. Saa kumi hayakuwa yametulia.

Jioni wamama walikuja na mabido yao. Walisimama juu ya njia. Walitutazama, wakayatazama maji. Hakuna aliyetukana. Mmoja alisema «Asante, watoto», kisha wakageuka wote, wakapanda. Baadaye tulijua kwamba walikwenda kwenye chemchemi nyingine, mbali, usiku ukiwa unaingia, na walikwenda kule siku nne. Maji tuliyotumia kuoga matope yetu jioni ile yalitoka kule, yamebebwa na wao.

Tungependa kuwaambia kwamba usiku ule tulitubu. Hapana. Tulilala tukilaumu mvua.

Siku ya posho asubuhi mama mmoja mzee, mjane, aliye katika kikundi cha wamama wa kanisa, alikuja tulipokuwa tunakunywa chai. Akasema: «Batoto yangu, mukae kwanza.» Tukakaa. Akatueleza kwa upole, kama mtu anayefundisha mtoto kufunga kanga. Yale mawe tuliyoyaondoa hayakuanguka pale yenyewe. Mama mkwe wake na wenzake waliyapanga. Yale magogo yalikuwa yanashika udongo wa juu usiteremke. Ile miti midogo ilikuwa kivuli, na pahali pasipo kivuli chemchemi hupungua. Na wamama husafisha chemchemi kila mwaka, mwezi wa kwanza, mvua inapopungua. Kwanza wanayageuza maji yapite kando, ndipo wanagusa matope. Mvua inaponyesha hakuna anayegusa. Mmoja wetu akauliza: «Mama, kwa nini hamkutuambia jana?» Akajibu: «Hamkuuliza. Na mlikuwa mnaomba. Mtu anayeomba hatumkati maneno.»

Wapendwa, neno hilo limekaa ndani yetu kama mwiba wa mchikichi. Tuliombea kazi ile kwa sauti kubwa hata waliokuwa na maarifa wakaona haya kusema.

Tukarudi kwa Nehemia. Someni sura ya 2. Mtu huyu ametoka mbali, ana barua za mfalme, ana mbao, ana askari. Anafika Yerusalemu, anakaa siku tatu. Kisha anatoka usiku, na watu wachache tu, hajamwambia mtu jambo ambalo Mungu ametia moyoni mwake. Anazunguka, anatazama malango yaliyoteketea, anafika pahali ambapo mnyama wake hawezi kupita, anarudi. Ndipo anazungumza na wenyeji. Anaongea kama mtu aliye ndani ya shida hiyo pamoja nao. Sisi tulifika jioni, asubuhi tukashika beshi. Nehemia alikuwa na barua za mfalme akangoja siku tatu. Sisi tulikuwa na fulana.

Tuseme kidogo juu ya nguo, kwa sababu tuliahidi kusema yote. Tulibeba mifuko miwili. Ndani yake kulikuwa na makoti mazito ya baridi. Bengamisa iko karibu kabisa na ikweta. Papa mmoja alipokea koti lenye manyoya kwenye kofia, akashukuru sana, akalikunja, akalifunga nyuma ya baiskeli yake ili abiria akae vizuri. Katika Matendo 9, Tabita anapokufa kule Yopa, wajane wanamwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Tunadhani ziliwaenea. Hakuna anayemshonea mtu nguo bila kumpima, na huwezi kumpima mtu bila kusimama karibu naye.

Sasa, yule mama mzee alipomaliza kutufundisha habari ya maji, tulimwuliza swali ambalo tungeuliza kabla ya kutoka Kisangani: «Mama, mnataka tuwafanyie nini?» Hakujibu mara moja. Akasema tumngoje, akaenda kumwita papa wa reko.

Reko ni wale watu wanaounganisha kijiji na kituo cha afya. Wako kila pahali katika Kongo yetu, na hawana mshahara. Ndio wanaopita nyumba kwa nyumba siku za chanjo ya polio, ndio wanaowakumbusha wamama siku ya kupima watoto, ndio wanaojua mtoto gani ana homa tangu jana. Huyu alikuja na baiskeli isiyo na mnyororo, anaisukuma, na kaye ndani ya mfuko wa plastiki. Alitusimulia habari ya mwaka 2021, wakati menenjiti, ule ugonjwa wa uti wa mgongo, ilipotokea katika territwari yetu ya Banalia. Ilitangazwa mwezi wa 9, na siku ilipotangazwa watu zaidi ya 100 walikuwa wamekwisha kufa. Sampuli zilipelekwa mpaka Paris ndipo ugonjwa ukajulikana kwa hakika. Hofu ilishuka na barabara. Watu wengine walisema ni uchawi, na kwa huzuni tunasema, hata ndani ya makanisa yapo yaliyosemwa ambayo hayakusaidia. Yeye alizunguka akisema jambo moja tu: homa kali na shingo ngumu, usingoje asubuhi, kimbia kituo cha afya. Alikuwa anaogopa kama wengine. Alizunguka akiwa anaogopa.

Sisi tulikuja Bengamisa tukidhani tunaleta kujitolea. Kulikuwako. Kulikuwa na kaye, na kulikuwa na miaka.

(Hata hapa mjini ni vile vile. Wazazi wetu wanakumbuka mwezi wa 6 mwaka 2000, zile siku sita ambazo majeshi ya nchi mbili jirani yalipigana katikati ya Kisangani. Waliookota majeruhi na kuzika maiti walikuwa watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, vijana wa mji huu. Baadhi yao labda wanaketi karibu nawe ibadani na hujawahi kuwauliza.)

Papa wa reko alifungua kaye yake, akatuonyesha ukurasa. Alikuwa ameandika watoto waliozaliwa miezi ile. Akasema: «Mnajua kuandika na mnajua sheria. Hawa hawana karatasi.» Tukamtazama dada yetu wa sheria. Yeye ndiye ambaye siku nzima jana tulimcheka kwa sababu hakujua kushika beshi.

Alitueleza, naye sasa anatuomba tuwaeleze ninyi wote, kwa maana hata mjini wengi hawajui. Sheria ya familia, kama ilivyobadilishwa mwaka 2016, inasema mtoto anapaswa kuandikishwa kwenye etasivili ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Ndani ya siku hizo ni bure. Baba anaweza kwenda, mama pia anaweza kwenda. Siku 90 zikipita, haiwi tena jambo la kwenda ofisini tu. Inatakiwa hukumu ya tribinali, na hukumu ni safari, ni karatasi nyingi, ni pesa. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na tunashukuru Mungu. Lakini mtoto asiye na karatasi ya kuzaliwa atagongana na ukuta mbele, siku ya mtihani wa serikali, siku ya urithi, siku ya kutafuta kazi. Wamama wengi wa pale walidhani ni lazima baba awepo. Na baba wengi wako mbali, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Panga, anarudi anaporudi.

Tukakaa chini ya mwembe siku nzima. Papa wa reko anawaita, sisi tunaandika. Tunachukua fishi ya kupima mtoto, tunahesabu siku. Wanafunzi wa tiba walihesabu, wa ualimu walikagua hesabu. Wapo waliokuwa wamekwisha kupita siku 90, na kuwaambia wazazi wao lilikuwa jambo gumu. Tisa walikuwa bado ndani. Na kulikuwa na mama mmoja kijana, mdogo kuliko wengi wetu, mtoto wake mgongoni amelala. Tulihesabu mara ya kwanza, tukahesabu mara ya pili. Mtoto alikuwa na siku 83. Zilibaki saba. Mama yule hakujua. Alikuwa amekuja tu kwa sababu ameona watu wamekusanyika.

Siku ya kwanza asubuhi tulikwenda nao ofisini, tukapanga foleni. Hatukufanya muujiza wowote pale. Dada wa sheria hakuhubiri, alisema tu mama anayo haki ya kuandikisha, na ikaandikwa. Wamama wawili hawakuweza kuandikisha siku hiyo kwa sababu walijifungulia nyumbani na hawakuwa na karatasi ya kituo cha afya. Papa wa reko aliwachukua kwa muuguzi, sisi tulikuwa tumekwisha kuondoka walipopata. Yule wa siku 83, tangu siku ile akiwa 85, aliandikwa. Mama yake aliishika karatasi kwa mikono miwili, akauliza kama maji yataiharibu. Mmoja wetu alimpa mfuko wa plastiki uliokuwa umebeba fulana yake mpya. Hiyo ndiyo kazi ya maana ambayo fulana zile zilifanya.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo lililotufanya tubishane wakati wa kuandika. Usiku wa siku ya Mungu mwenzetu mmoja aliuliza kama kanisa litatupa kitu tukirudi. Marafiki zake waliofanya kazi ya mradi fulani mjini walipewa pesa ya kila siku. Yeye alikuwa amekosa interogasio moja na chakula kimekwisha. Wengine tulimrukia: wewe huna roho ya utumishi, wewe ni Demasi, na maneno mengine ambayo hayafai redioni. Papa wa reko alikuwa ameketi nje, anasikia. Akacheka, akasema: «Mwacheni. Hata mimi ninahitaji pesa, mnyororo umekatika.» Kisha akaacha kucheka. «Ila msiwaambie watu kwamba kazi yangu ni ya bure. Mke wangu ndiye anayeilipa. Siku ninayozunguka na kaye, yeye analima peke yake.»

Hatukupata la kusema. Tulifikiri juu ya yule papa aliyeuza baiskeli. Univerisite tunayosomea ilianzishwa mwaka 1963 na makanisa ya Kiprotestanti, kwa sadaka za watu ambao hawakukanyaga darasa lake. Kila kazi tunayoiita ya bure, kuna mtu aliyeinama shambani nyuma yake. Kwetu sisi ni papa na mama zetu. Basi tunamwambia papa wa mwenzetu, kama anasikia: safari ya Bengamisa tulisema ni yetu, lakini wewe ulichanga zaidi, na hatukukuuliza.

Tulirudi siku ya pili yake, kwa lori lile lile. Mnyororo wa baiskeli tumeutuma na dereva juma lililofuata. Jembe jipya tumelituma kwa mke wa papa wa reko, kwa jina lake yeye, si la mumewe.

Sasa matangazo. Tutakwenda tena. Anayetaka kwenda pamoja nasi atuone baada ya maombi ya siku ya tano. Aje amekwisha kuzungumza na wazazi wake, na kama kuna maji ya kuchota nyumbani, ayachote kwanza. Alete kaye mbili na biki, kwa maana Bengamisa wametuomba hivyo: wanataka watu wa kuandika watoto kila miezi miwili, kabla siku 90 hazijapita, na papa wa reko atatuambia siku. Nguo hazitakiwi. Fulana hazitachapishwa. Wanafunzi wa sheria wanahitajika zaidi, hata kama hawajui kushika beshi.

Na chemchemi itasafishwa mwezi wa kwanza, maji yakipungua. Wamama wametukubalia tuje. Mawe yale yote bado yako pale kando, tuliyaweka kwa mstari mzuri, na mama mzee amesema yeye ndiye atakayetuonyesha lipi lilikaa wapi.